Maisha ya Nicanor Ruwa, Msomaji wa "Kicheko Kibuyuni"

Wazee wetu, mchungaji, jamaa wa Ribe na wa Kisauni, wenzetu wa bandarini na majirani wa Changamwe, familia imeomba mtulie kidogo tuwasomee maisha ya ndugu yetu tunayemzika leo, Jumatatu, tarehe 16 Agosti 1948.

Marehemu Nicanor Ruwa Mwarandu alizaliwa tarehe 9 Machi 1908, huko Ribe, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mwarandu, mkulima wa minazi na mihogo, na mama Kafedha, ambaye wengi hapa mnamjua kwa hadithi zake na kwa kutokubali kukatizwa anapozisimulia. Alibatizwa mwaka 1916, akaingia shule ya misheni mwaka uliofuata, akasoma hadi darasa la sita, na walimu wake walimsifu kwa hati nzuri, wakamlaumu kwa kuuliza maswali ambayo hayakuwamo katika somo.

Mwaka 1926 aliteremka Mombasa kutafuta kazi, akapata kibarua cha kubeba magunia bandarini, na mwaka 1931, kwa sababu ya hati yake, akafanywa karani wa kuhesabu shehena, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mitatu akiwa na penseli nyuma ya sikio la kulia. Alipanga chumba Changamwe, kisha viwili, na hapo ndipo alipoishi mpaka mwisho wa maisha yake.

Tarehe 22 Desemba 1934 alifunga ndoa na Mbeyu Margret Lewa, binti wa Kisauni, na Mungu akawajalia watoto watatu, Jerioth aliyezaliwa mwaka 1936, Mwarandu aliyezaliwa mwaka 1938, na Nyamvula aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1941. Nyamvula alishikwa na surua, akafariki Ijumaa, tarehe 11 Septemba 1942, akiwa na mwaka mmoja na miezi minne, na tangu siku hiyo Mbeyu hakulitaja tena jina la mtoto huyo, wala hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake, na Nicanor, ambaye alikuwa mtu wa maneno mengi, alijifunza kupita pembeni ya jina hilo kila siku kama mtu anayepita pembeni ya shimo uani kwake.

Tarehe 18 Januari 1944, wakati wa vita, meli zilipokuwa nyingi kuliko mikono, kamba ya winchi ilikatika, sanduku likamwangukia mkono wa kulia, akalazwa hospitalini majuma saba, akatoka akiwa amepoteza vidole vitatu. Wakubwa wake walimpa kazi ya kukaa langoni na kugawa vipande, yaani kadi za zamu, na yeye akajifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto, kwa shida kubwa, akimwonea wivu binti yake Jerioth aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza na tayari anamshinda. Mkasi hakuweza kuushika, kwa hiyo alichana karatasi kwa vidole, akambandikia mwanawe Mwarandu jogoo juu ya kifuniko cha sanduku la chai, kwa gundi ya unga wa muhogo, na kuanzia hapo hakuna karatasi iliyopita langoni bure, ikiwa ni nembo ya chai, ganda la sabuni au karatasi ya buluu ya sukari, vyote aliviweka mfukoni akaja navyo nyumbani.

Jumapili, tarehe 2 Juni 1946, jirani yao Wairimu, mke wa fundi wa reli, aliwaletea kitabu alichoachiwa na mgeni, kwa kuwa yeye Kiswahili chake cha kusoma kilikuwa kizito. Kitabu hicho kiliitwa "Kicheko Kibuyuni", riwaya iliyoandikwa na Mwalimu Erastus Kaviha wa Likoni, nacho kilimhusu mwanamke ambaye mtoto wake alichukuliwa na zimwi, akabaki na kicheko chake tu ndani ya kibuyu, akaingia msituni kumtafuta. Nicanor alipofungua ukurasa wa kwanza alipiga ukelele wa furaha, maana hiyo ilikuwa hadithi ya mama yake Kafedha, aliyoisikia Ribe akiwa mdogo, sasa imevaa nguo za kitabu, na kila Jumapili baada ya ibada alikaa barazani akamsomea Mbeyu naye akichambua mchele.

Mwishoni mwa riwaya, zimwi linampa mama yule mtoto mwingine, kibuyu kinavunjika, naye anarudi kwao akiimba, amesahau yote. Nicanor alifunga kitabu akasema kwamba kimemalizika vizuri. Mbeyu aliweka ungo chini.

"Huyu mwalimu ameandika kweli mpaka pale msituni," alisema. "Pale pa kusahau amesema uongo. Hakuna mama anayesahau. Na mama yako hakuimaliza hivyo, mimi mwenyewe alinisimulia. Alisema yule mama alirudi na kibuyu chake, akakitundika juu ya kitanda, akaendelea kulima."

Nicanor alikwenda kuchukua karatasi. Alikaa majuma matatu akiandika uchambuzi wa riwaya ile kwa mkono wake wa kushoto, akaisifu lugha yake, akausifu msitu wake ambao msomaji anausikia ukipumua, kisha akaandika yale maneno ya mkewe kama alivyoyasema, akaeleza kwamba aliyeyasema amezika mtoto, na chini akaweka majina mawili, Nicanor Ruwa na Mbeyu Lewa, akaupeleka kwa gazeti moja la Kiswahili kule kisiwani.

Jibu lilikuja tarehe 25 Julai, kwamba uchambuzi utachapishwa, ila jina la mwanamke litaondolewa na habari ya mtoto itafutwa, kwa kuwa wasomaji hawapendi kuchanganyiwa vitabu na matanga. Jumatatu, tarehe 29, Nicanor aliomba ruhusa kazini, akavuka Makupa kuingia kisiwani, akamkuta mhariri mezani pake.

"Bwana, ukiitoa sehemu hiyo hakuna kilichobaki," alimwambia. "Mimi nimeshika kalamu tu. Aliyekisoma kitabu ni mke wangu."

"Mzee, ninakupa nafasi ambayo watu wanaililia," mhariri akasema. "Jina moja, lako, na watu watakujua."

"Basi nirudishie karatasi zangu."

Alirudi nazo nyumbani, na Mbeyu anasema kwamba siku hiyo hakula, kwa sababu, kama alivyokuja kukiri baadaye, njiani kote alikuwa ameitamani ile nafasi, na aliona haya kuitamani.

Jumamosi iliyofuata alitoa ubao mpana wa kasha la chai, akaanza kubandika. Ardhi nyekundu aliifanya kwa maganda ya sabuni, msitu kwa nembo za chai za kijani zilizochanwa nyembamba, zimwi kwa karatasi nyeusi iliyofungiwa picha za mifupa ya mkono wake alizopigwa hospitalini, na ilipofika zamu ya kumvika yule mama, alichukua uchambuzi wake, akauchana vipande virefu.

"Baba Jerioth, umepagawa?" Mbeyu alipiga kelele. "Majuma matatu!"

"Wamekataa kuusoma," alisema. "Sasa watautazama."

Vipande vile alivibandika vikawa leso ya yule mama, na maandishi yakabaki yanasomeka, mstari huku na mstari kule. Kilibaki kibuyu. Alijaribu karatasi ya sukari, akaibandua, akajaribu gazeti, akalibandua, na Mbeyu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingia ndani, akafungua sanduku lake, akatoka na gauni dogo la manjano ambalo Nicanor hakujua kama bado liko. Alikata kipande katika upindo, akakipaka gundi, akakibandika mwenyewe mikononi mwa yule mama, akakigandamiza kwa kiganja muda mrefu.

"Nyamvula," alisema. "Alikuwa akicheka akiwa usingizini. Unakumbuka?"

"Ninakumbuka," Nicanor alisema, na walikaa barazani wakazungumza habari za mtoto wao mpaka Jerioth akaja kuuliza kama leo hakuna chakula.

Picha hiyo ilitundikwa katika ukumbi wa kanisa, siku ya maonyesho ya mavuno, Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 1946. Wako waliosema kwamba zimwi halina mahali kanisani, na mmoja wa wazee aliigeuza ikatazama ukuta, lakini akina mama waliigeuza tena, na baadhi yao walisimama mbele yake wakalia, wakawataja watoto wao kwa majina. Habari zilivuka maji zikafika Likoni, na Jumapili, tarehe 13, Mwalimu Kaviha mwenyewe alikuja. Aliitazama picha, akaisoma leso mstari kwa mstari shingo ikiwa imepinda, kisha akaulizia nyumba.

Mwalimu alipopiga hodi, Nicanor alisimama wima kama mwanafunzi, lakini Mbeyu ndiye aliyemkabili.

"Mwalimu, umewahi kuzika mtoto?"

"Sijawahi, mama."

"Basi karibu ukae, unywe chai."

Mwalimu alikaa, akapokea chai, akasema, "Bibi yangu naye aliimaliza kama ulivyosema, na kibuyu kimetundikwa. Niliogopa. Niliona nani atanunua kitabu cha huzuni. Nilifanya makosa." Kisha akaomba asimuliwe tena mwisho ule, na Mbeyu alimsimulia, naye akauandika katika kurasa tupu za nyuma za nakala yake mwenyewe. Uchambuzi uliandikwa upya, Mwalimu akaupeleka kwa gazeti jingine pamoja na barua yake ya kuukubali, ukatoka mwezi Februari 1947, mwezi mmoja baada ya mgomo wa bandari, ukiwa na majina yote mawili, na jina la Mbeyu likitangulia, kwa amri ya Nicanor.

Baada ya hapo aliandika chambuzi nyingine tatu, akabandika picha zisizopungua ishirini, na nyumba yao ikawa mahali ambapo watu wa zamu walipita kumpa nembo za masanduku na kuuliza wiki hii anasoma nini.

Mwezi Novemba 1947 alianza kukohoa, mwezi Machi alilazwa kwa kifua kikuu, akatoka, akarudishwa tena mwezi Julai, na Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1948, saa kumi alasiri, alifariki akiwa na umri wa miaka arobaini na miezi mitano, mkewe akiwa amemshika ule mkono wa vidole viwili. Ameacha mjane, watoto wawili walio hai, mama yake Kafedha, na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wenzake wa langoni waliochukua zamu zake bila kuulizwa, Wairimu aliyepika katika nyumba hii siku zote hizi, Mwalimu Kaviha, na majirani wote wa Changamwe.

Mjane ametuomba jambo moja. Tulikuwa tumeandika hapa kwamba marehemu alivumilia ugonjwa wake bila kulalamika, naye amesema tulifute, kwa kuwa Nicanor alilalamika sana, asubuhi na jioni, kuhusu dawa, kuhusu uji, kuhusu kufa kabla hajamaliza kitabu alichokuwa anakisoma, na yeye Mbeyu aliyasikiliza malalamiko yale yote, na angependa kuyasikiliza miaka arobaini mingine. Tumelifuta.

Pumzika, Nicanor Ruwa, ukae kwa amani. Kitabu kilichobaki, Mbeyu atakusomea.