Profesa Ngo na Yule Bubu Aliyesemwa Msukule

Ngo.

Hivyo ndivyo chungu kizima kinavyolia ukikigonga kwa kifundo cha kidole. Chenye ufa hukwaruza. Mzee Tuntufye Mwaijande, ambaye wengi mlimwita Profesa Ngo, alifungua kila onyesho lake kwa sauti hiyo moja, na wapo walioapa kwamba alikuwa anamwita maiti. Mimi Tumpale, mtoto wake wa kwanza, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake. Nitaanza na kuzaliwa, kama ilivyo desturi, ingawa najua wengine mmekuja kusikia habari za huyo maiti.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Ndandalo, mtoto wa nne wa Mzee Yakobo Mwaijande, mkulima wa mpunga, na mkewe Angetile. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972. Shuleni aliwahi kusimama nyuma ya dirisha, akaiga sauti ya mwalimu mkuu na kuwaruhusu wanafunzi wote waende nyumbani. Kesho yake alichapwa na mwalimu wa zamu, ambaye naye alikuwa amekwenda nyumbani.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga Kyela mjini. Baadaye alikuwa kinyozi, kisha akavusha vitenge kutoka Karonga kwa baiskeli. Mwaka 1981 alianza kurekodi kaseti za vichekesho, akiigiza peke yake ugomvi wa watu sita na mbuzi mmoja. Kwa kuwa aliwaiga wakubwa kwa majina yao, redio haikuzigusa. Watu walizinakili wenyewe kwa wenyewe, na hapa Ngana najua nyumba mbili ambamo bado zimefichwa.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na mama yetu, Keziya, mfinyanzi wa Kikisi kutoka Ikombe. Walikutana soko la Lyulilo, mahali wanawake wa Ikombe wanaposhusha vyungu kutoka kwenye mitumbwi. Tulipomuuliza Baba walikutanaje, alijibu, "Nilikwenda kununua chungu." Mama alicheka kuliko jibu lenyewe lilivyostahili.

Mwaka 1991 marehemu alianza kusimamia mieleka kando ya ziwa, pale pale soko la Lyulilo. Mpiganaji wake alikuwa mmoja tu, Bubu wa Matema, aliyevaa kinyago cha gunia la salfeti na hakutamka neno. "Bubu hasemi," Baba alitangaza, "nami nasema kwa wawili." Bubu hakuwahi kuanguka. Akishamaliza kazi alishuka ufukweni nyuma ya marundo ya vyungu, na waliomfuata walikuta akina mama wanapanga bidhaa zao, basi.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Nguo za Bubu zilionekana na udongo wa kijivu, ikasemwa ni wa makaburini. Ikasemwa Baba anafuga msukule. Hata mimi nilishuku. Nikiwa na miaka minane nilimwona Baba anafua kile kinyago nyuma ya nyumba, maji yakawa ya kijivu, na tangu siku hiyo nikakataa kula sahani moja naye. Hakuniuliza sababu. Alinitengea sahani yangu.

Mwezi Agosti 1996 aliingia ulingoni mjomba wetu Hezroni, kaka yake Mama, mtu mwenye nguvu kuliko wote Ikombe. Bubu alimwangusha. Kisha, mbele ya watu wote, akamlalia na hakuinuka, mpaka Baba alipokuja na koti lake akawafunika wote wawili. Watu walisema Bubu ananyonya nguvu za mtu. Mjomba mwenyewe alikwenda kanisani kushitaki, na mwaka 1997 marehemu alitengwa na meza ya Bwana. Bubu hakuonekana tena. Kwa miaka ishirini na minane Baba aliketi benchi la nyuma, na kila alipoulizwa alijibu, "Ndaga fijo, asante sana kwa kuuliza."

Novemba 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Tarehe 9 Juni mwaka huu, 2025, Mjomba Hezroni, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, alikuja kitandani kwake. Nilikuwapo.

"Shemeji, nimekuja kwa ajili ya roho yako. Ukifa hivi hutazikwa na kanisa. Niambie tu ulimzika wapi yule mtu."

Baba alifumba macho.

"Mnaona? Siku zote hivi hivi."

Mama alikuwa anakoroga uji. "Kaka, Bubu hajazikwa. Huu uji anaukoroga yeye."

"Keziya, hapa si mahali pa mzaha."

"Nilikutega mguu wa kushoto ukaenda chini."

"Hilo soko zima liliona."

"Soko halikusikia ulichoninong'oneza pale chini. Ulisema, 'Usiinuke, suruali imechanika.'"

Mjomba aliitazama mikono yake. Mama akaendelea, "Ulijiandikisha mwenyewe, na bubu angekukatazaje? Baadaye nilimwomba huyu anyamaze. Nilijua hutaweza kuishi Ikombe ukijulikana umeangushwa na dada yako."

"Na ule udongo?"

"Mimi mfinyanzi, kaka. Ulitaka niwe na udongo gani?"

Mjomba alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji. Jumapili ya tarehe 22 Juni marehemu alirudishiwa meza ya Bwana, kitandani. Haya mnayoyasikia, Mjomba mwenyewe ndiye aliyesema yaandikwe na yasomwe mbele yake, naye yupo hapa, safu ya kwanza.

Marehemu alifariki tarehe 2 Julai 2025, akiwa na miaka sitini na minane. Ameacha mjane, Keziya, watoto watatu, Tumpale, Nsajigwa na Jubilate, wajukuu watano, na shemeji yake Hezroni. Tunamwombea pumziko lisilo na shaka la mtu yeyote, hata langu.

Siku ile ya Juni, Mjomba alipofika mlangoni akiwa ameinamisha kichwa, Baba alimwita arudi. Sauti ilikuwa imebaki kidogo, ikabidi Mjomba ainame mpaka mdomoni pake. Baba akamwambia polepole:

"Usione haya, shemeji. Siku ile nilipokwenda kununua chungu, nilitangaza sokoni kwamba hakuna wa kuniangusha. Mimi ndiye wa kwanza."