Mama Kopo Aachia Majaruba Kumi na Mawili

Miaka thelathini na miwili ya mpunga imetimia. Ijumaa, tarehe thelathini, mtaalamu wetu wa mbolea hapa kituo cha utafiti wa mpunga, tunayemwita Mama Kopo, anarudisha funguo za stoo na kustaafu. Karani alitaka kuandika yeye haya ya kumuaga, nikakataa. Yeye anajua herufi, mimi mfungua maji namjua mtu. Kaniwekea nukta tu.

Jina lilitokana na kopo la maziwa alilopimia yurea. Sisi tulizoea kuirusha kwa kiganja, yote kwa mkupuo, kama tunalisha kuku. Yeye akaja akasema mpunga hauli mlo mmoja msimu mzima. Kidogo miche ikishashika, kidogo ikianza kuchipua, iliyobaki kabla haujabeba mimba. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Fundi trekta akamwuliza kama mpunga wake utataka na chai ya saa nne. Akajibiwa, "Chai kunywa wewe, shemeji, maana trekta lako limelala tangu juzi." Fundi hakurudia.

Na kuwahi kupanda, jamani! Ili tuone wenyewe, alipanda kwa tarehe tatu, mapema, katikati na kwa kuchelewa, majaruba kumi na mawili. Yaliyochelewa yalitoa maua kwenye baridi, tukavuna mapepe, maganda yasiyo na punje, hata pale yurea ilipojaa. Leo wakulima wa mfereji mzima wanapanda kwa kalenda yake.

Sasa la kwangu. Karani kasema si mahali pake. Ni mahali pake.

Msimu wake wa pili aliweka yurea, akaniambia, "Kaka, maji usifungue siku tano." Mimi huyu, hakuna anayejua maji kunizidi mpaka leo, nikaona mwanamke wa juzi ananifundisha nini? Kesho yake nikafungua. Mbolea yote ikateremka kwa jirani. Mpunga wa jirani ukawa kijani kibichi, ukarefuka, ukalala chini wote. Wetu ukabaki njano kama una homa.

Mkuu wa kituo wa enzi hizo akaita kikao, akauliza nani kaharibu jaribio. Nikaangalia viatu vyangu. Mama Kopo akasema ni yeye, kakosea siku. Alijua si yeye; nyayo zangu za matope zilikuwa bado kwenye lango la mfereji. Lakini kibarua kama mimi angefukuzwa palepale, na mimi nilikuwa na watoto wanne. Akanyimwa nafasi ya masomo, jaribio likarudiwa miaka mitatu. Tumegombana karibu kila asubuhi tangu hapo, na hata siku moja hakunirushia hilo.

Ni mimi niliyefungua. Waliokuwa kikaoni wamehama au tumewazika, lakini iandikwe.

Vijana wa sasa ni wazuri, wanapima kwa simu, wananiamkia vizuri, wanapita. Kibarua hana tarehe ya kustaafu, kwa hiyo mimi nipo. Jumatatu nitasimama langoni, nifungue nikitaka, nifunge nikitaka, na hakuna atakayenikataza.

Asante, mama, kwa niaba ya kituo na kwa niaba ya watoto wale wanne. Mungu akupe uzee mwepesi huko ghorofani kwa binti yako. Namba ya simu ya getini unayo. Piga unigombeze.