Seijiro Kuwabara, Mlinzi wa Maji ya Hinoyu, na Ubao wa Kilomita Elfu Tisa

Wafiwa wenzangu, majirani wa Hinoyu, na ninyi wageni sita wa Bad Erlenau mliokaa kwenye ndege saa kumi na nne ili mje kupiga magoti kwenye mikeka yetu, naomba mtulie, na wenye magoti mabovu wanyooshe miguu, marehemu hakuwa mtu wa kuangalia miguu ya watu. Mimi ni Tatsu, dada yake mkubwa, familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake kwa sababu wanawe wakianza kusoma wanalia, na kilio hakisomeki.

Seijiro Kuwabara alizaliwa tarehe 14 Februari 1941, hapa hapa Hinoyu, katika chumba cha nyuma ya bafu la mji, akiwa mtoto wa nne na kitinda mimba wa mzee Yohei Kuwabara, mlinzi wa maji, na mama yetu Sue. Siku hiyo theluji iliziba mlango, mkunga akapitishwa dirishani, mtoto akaogeshwa maji ya chemchemi, na mama alikuwa akisema kwamba alitoka mwekundu na mwekundu akabaki.

Alianza shule ya msingi Aprili 1947, akamaliza shule ya kati Machi 1956, hesabu hakuzijua, mwandiko wake ulikuwa wa kuku aliyekanyaga wino, lakini akitia kiwiko majini alikutajia joto lake bila kukosea hata nusu digrii, na mwalimu wake akaandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu afaa kupelekwa bafuni, maneno ambayo baba aliyapokea kama sifa.

Tarehe 1 Aprili 1956 alianza kazi chini ya baba, na baba alipofariki mwaka 1968 akawa yeye mlinzi wa maji. Nasema kwa ajili ya wajukuu waliokulia mijini, kwamba chemchemi yetu hutoka ardhini ikiwa na digrii hamsini na nne, na Hinoyu hatutii maji baridi, afadhali umtilie mgeni maji kwenye supu. Tunasimama ukingoni, kila mtu na ubao mrefu kuliko yeye, tunayapiga maji na kuyageuza huku tukiimba mpaka yashuke arobaini na saba, ndipo mlinzi anatoa amri, watu wanaingia pamoja, wanakaa dakika tatu bila kujitikisa, wanatoka pamoja.

Ndoa yake ilitokana na kazi hiyo hiyo, maana mwaka 1965 Nobue Tsukada alikuja kutoka pwani kumsindikiza shangazi yake mgonjwa wa magoti, akatia mguu upande wa wanawake, akapiga kelele, "Jamani, mnapika watu humu?" na Seijiro akamjibu kutoka nyuma ya ukuta wa mbao, "Tunapika, ila hatuli." Walifunga ndoa tarehe 3 Novemba 1966, wakajaliwa watoto wawili, Masanobu mwaka 1968, ambaye sasa ni mwalimu Osaka, na Chizuru mwaka 1972, ambaye tangu 2011 ndiye mlinzi wa maji, wa kwanza mwanamke, na waliosema hataweza wamo humu ndani, na maji yake wanaoga.

Sasa nifike kwenye jambo lililomleta Bi. Annegret Riedl na wenzake watano mpaka hapa. Mwaka 1986 mkuu wa mji wetu wa wakati ule alikwenda mkutano wa miji ya maji moto, akarudi na picha nyingi na ahadi moja, kwamba Hinoyu na Bad Erlenau ya Ujerumani itakuwa miji ndugu, na tarehe 18 Mei 1987 wakaja wageni kumi na mmoja kusaini. Asubuhi ile mkuu wa mji alimfuata Seijiro bafuni, mimi nilikuwepo na ubao wangu mkononi, akamwambia, "Seijiro, hawa ngozi zao laini, wakiungua tumeaibika. Tia maji ya mto." Seijiro akasema, "Mkuu, maji ya mto hayajaingia humu tangu babu yangu." Mkuu akasema, "Leo yataingia. Mgeni ni mgeni." Na ndugu yangu akavuta mpira wa maji, akaushusha bafuni, mpaka maji yakawa digrii thelathini na tisa, ya kuogeshea paka. Huo ndio ugonjwa wetu watu wa Hinoyu, tunamheshimu mgeni mpaka tunamdanganya.

Miongoni mwa wageni alikuwemo Ottmar Riedl, baba yake Annegret, ambaye naye kwao alikuwa mlinzi wa chemchemi, ila wao maji yao zaidi huyanywa, na huyu bwana popote alipokwenda alibeba kikombe mfukoni. Kabla mtu hajavua hata soksi, alipiga goti ukingoni, akachota maji ya bafu, akayanywa mbele ya watu wote, wanawake wakapiga ukelele, yeye akalamba midomo, akasema maneno, na mkalimani akabaki anaangalia vidole vyake vya miguu. Mkuu wa mji akauliza, "Anasemaje?" Mkalimani akasema, "Anasema maji ni mazuri sana, ila karibu nusu ni ya mto." Mkuu akacheka, "Mwambie ndiyo ladha yake." Hapo Seijiro aliteremka kwa magoti, akaweka paji la uso kwenye sakafu iliyolowa, akasema, "Siyo ladha yake. Nimetia mimi." Hakumtaja mkuu, wala hakumtaja maisha yake yote, mimi ndiye ninayemtaja leo, na kwa kuwa wote wawili wameshakufa, wamalizane huko huko.

Ottmar alimnyanyua kwa kumshika kwapani kama mtoto, akamwambia kupitia mkalimani, "Kwetu mtu akifanya hivi anafukuzwa kazi. Mimi nilifanya mwaka sabini na moja. Alikuja waziri." Basi wakaangaliana, wakaanza kucheka, sisi hatukujua tucheke ama tulie, bafu likamwagwa lote, likajazwa upya, tukapiga maji saa tatu nzima, Ottmar naye akashika ubao kama mtu anayezoa mbolea, na yalipofika arobaini na saba akaingia. Mara ya kwanza alitoka mbio, mara ya pili alitoka akitukana, sikuhitaji mkalimani, mara ya tatu alimaliza dakika zake tatu, akatoka mwekundu kama pweza aliyechemshwa, akasema, "Sasa tusaini." Ndipo makubaliano yakasainiwa.

Mwaka 1989, mwezi Septemba, ilikuwa zamu yetu, Seijiro akaenda Bad Erlenau akiwa na sanduku moja na taulo kumi na mbili. Walimpeleka kwenye ukumbi wao wa kunywea maji, mama mwenye koti jeupe akamjazia glasi, na ninyi mnajua kwetu glasi tupu mezani ni aibu ya mwenye nyumba na glasi iliyojaa ni aibu ya mgeni, basi yeye akawa anamaliza kwa heshima, na yule mama akawa anajaza kwa huruma, akidhani mtu huyu ni mgonjwa sana. Alikunywa glasi kumi na moja za maji yenye ladha ya misumari, maji ambayo sifa yake kubwa ni kusafisha tumbo. Siku ile bendi yao ilipiga wimbo wa taifa letu mara mbili, na mara zote mbili mwakilishi wetu hakuwepo.

Tangu hapo kila mwaka wa pili walikuja wao, katikati tulikwenda sisi, Masanobu akarudi na kodiani ambayo mpaka leo hajui kuipiga, wao wakajifunza kuimba wimbo wa kupigia maji, vibaya lakini kwa nguvu, na penye njia ya kuingilia mji kukawekwa kibao cha mti kilichoandikwa Bad Erlenau, kilomita 9,240.

Tarehe 1 Aprili 2005 Hinoyu iliunganishwa na miji mingine minne kuwa jiji moja, na jiji jipya likasema halirithi undugu wa mtu. Wafanyakazi walikuja kung'oa kibao, Seijiro akawauliza, "Mnakitupa?" wakasema, "Tunakitupa," akasema, "Basi nipeni mimi," akakiranda kingo na kukitia mpini, kikawa ubao wake wa kupigia maji, na kwa miaka kumi na minane jina la Bad Erlenau limekuwa likizama na kuibuka katika bafu letu mpaka herufi zimefifia. Wageni waliendelea kuja na sisi kwenda, lakini kilichomuuma kilikuwa kimoja, karatasi yenye muhuri, kwa sababu, alivyosema, bila hiyo watu hawa wanaingia Hinoyu kama watalii, nao ni ndugu.

Kwa hiyo kila tarehe 18 Mei, kuanzia 2006, alivaa suti yake ya harusi, akapanda basi kwenda ofisi ya jiji, kwa Bwana Kamiyama wa idara inayohusika, akaomba makubaliano yafufuliwe. Bwana Kamiyama alimwambia kila mwaka, "Mzee Kuwabara, mji uliosaini haupo tena." Seijiro akamjibu, "Mji haupo? Mimi basi leo asubuhi nimetokea wapi?" Kisha aliinama, akarudi na basi la saa nane. Ottmar alipofariki Juni 2016, Seijiro alipiga maji peke yake siku nzima, hakumruhusu mtu kumsaidia, na mwaka uliofuata akaenda tena ofisini na suti ile ile.

Ugonjwa wa mapafu ulimwanza Februari 2023, Mei akaenda ofisini mara ya kumi na nane akiwa na mpira wa hewa puani, Julai akalazwa, Oktoba akaomba kurudi nyumbani, akarudishwa. Alasiri ya Alhamisi tarehe 9 Novemba, Chizuru alimletea ndoo ya maji kutoka bafuni, baba yake akatia kiwiko, akasema, "Arobaini na sita. Mmeyapiga mno," na saa kumi na dakika ishirini akatutoka, akiwa na miaka themanini na miwili. Ameacha mjane, watoto wawili, na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana kila walipomwogesha aliwasahihisha, inawashukuru majirani waliopika, wapiga maji wote wa bafu la mji, na wageni wetu. Picha mnayoiona hapo mbele, katikati ya maua, tumeikata kutoka kwenye picha kubwa ya mwaka 1987, na wenye macho wataona vidole vinne vyekundu kwenye bega lake la kushoto, ni vya Ottmar, fundi alitaka kuvifuta, Nobue akakataa.

Tukitoka kwenye maziko tutakwenda bafuni, maji yatapigwa, Chizuru atatoa amri, na ubao wa marehemu ataushika Annegret. Namshukuru pia Bwana Kamiyama, ambaye amekuja, yuko safu ya tatu karibu na nguzo, asiondoke, naye amewekewa ubao. Karatasi hakuja nayo, nimemuuliza mlangoni. Ndugu yangu alikwenda ofisini kwake mara kumi na nane akiinama. Tarehe 18 Mei ijayo nitakwenda mimi, nina miaka themanini na minane, mgongo wangu hauinami tena, na basi la kurudi sitalikatia tiketi.

Seijiro, pumzika kwa amani, maji ni ya moto kama ulivyoyaacha.