Gari Lisilobisha Hodi

Eilif alikuwa kwenye kivuko cha ghuba ya Hardanger, akienda kuchukua gari la umeme alilolisubiri tangu theluji ya mwaka jana. Mama mmoja aliyeketi kando yake, asiyemjua, alikuwa nalo la aina hiyo tayari.

“Utalipenda, mzee wangu. Kimya kabisa!”

“Ndicho kinachonikera. Lile langu la dizeli, mke wangu akilisikia kwenye kona ya kanisani anateleka kahawa. Nikiingia, inafuka mezani.”

“Si umpigie simu tu?”

“Nimwambie nini?”

“Kwamba unarudi, jamani!”

Eilif akaguna. “Miaka yote hiyo dizeli ndiyo ilikuwa ikimwambia.”

Kivuko, nacho cha umeme, kikagusa gati bila kishindo. Eilif akatoa simu, akaishika kama kijana anayekwenda kuposa.