Tairi Zenye Kipara

Mtu hafi kwa raha katika nyumba hii. Nimelala zangu, natafuta pumzi, mnanisogezea simu mdomoni, mama sema, nyanya sema, kana kwamba maneno ni maziwa na mimi ni ng'ombe ambaye jana hakukamuliwa. Miaka yote nilipokuwa na sauti mlikuwa mkiniambia niipunguze. Leo imebaki ya kunong'ona ndiyo mnairekodi. Haya. Zakariye, mwanangu, kaa mahali nikuone uso. Ayan, mjukuu wangu, weka hiyo simu juu ya mto, uache kunipapasa. Tegeni masikio, maana sitarudia.

Mali yangu haiwezi kuwagombanisha. Cherehani apewe mtu anayejua kushona, si wewe Ayan, wewe hata kifungo kinakushinda. Mazulia yaende msikitini. Nguo zangu msigawane eti kumbukumbu, zimechakaa, zitupeni. Lakini kuna kitu kimoja si changu, ni cha mtu, nami nimekikalia miaka minne: jina zuri la Gurnam. Nyote mnaamini kwamba Gurnam wa Digbeth alimuuzia Ayan tairi zilizochezewa, na kwa sababu hiyo hakuna mtu wa nyumba hii anayemsalimia. Gurnam hakuzichezea. Aliyezichezea namjua, na nataka nimtaje kabla sijavishwa sanda, lakini nitamtaja nikifika hapo, kwa sababu mkianza kupiga kelele sasa hivi pumzi yangu itaishia njiani.

Watu wananijua kwa Rukiya, jina nililopewa nilipoolewa, lakini nilizaliwa Kendi, Mmeru wa Isiolo, na babu yako Ogle, Msomali mwenye kiburi chake, hakukubali kujifunza Kimeru, nami sikukubali kujifunza Kisomali, ndiyo maana nyumba hii inaongea Kiswahili. Enzi hizo lami ilikuwa ikiishia Isiolo, mbele yake ni mawe matupu mpaka Moyale, na duka letu la tairi lilikuwa pale pale lami ilipokatikia. Malori yalikuja na tairi zimelika mpaka zinang'aa kama kichwa cha mzee, zina kipara, na tairi mpya hakuna. Basi Ogle alikuwa akipasha moto kisu kilichopindwa kama ukucha, anachonga mifereji upya kwenye mpira, lori linaondoka na meno. Alinifundisha. Mwaka haukuisha mkono wangu ulikuwa umeushinda wake, nachonga mshazari kwa mshazari kama ukili wa mkeka, na madereva wanasema, hapana, si wewe mzee, tuitie mama. Shule niliacha darasa la pili, kitabu sikijui, lakini ubavu wa tairi nausoma kuliko ninyi mnavyozisoma hizo simu.

Tulipohamia hapa Birmingham, Ogle alifunga magurudumu kwenye kiwanda cha magari cha Longbridge mpaka siku geti lilipofungwa, na baada ya hapo akawa mtu wa kuzurura tu, anatazama tairi za magari ya watu yaliyoegeshwa. Siku moja huko Digbeth, chini ya matao ya reli, akasikia mtu aliyelala chini ya gari akiitukana nati kwa Kiswahili cha Nakuru. Akainama, akamjibu kwa niaba ya nati. Huyo ndiye Gurnam, Kalasinga mwenye duka la tairi, na tangu siku hiyo kila Jumamosi ilikuwa yao wawili, chai ya tangawizi, ubishi, na kicheko cha wazee wasio na meno ya kutosha. Niliwaonea wivu, wacha niseme. Mume wangu nyumbani alikuwa bubu, Digbeth alikuwa redio. Na macho yake yalipozimika kwa presha ya macho, Gurnam alikuwa akija mwenyewe mpaka hapa Perry Barr, anamshika mkono, wanashuka ngazi wakibishana.

Kisha Ayan akaanza wazimu wake. Gari lile lile la kwenda kazini Jumatatu, Jumapili analipeleka treki, uwanja wa mbio za magari, analizungusha kwenye barabara isiyo na matuta wala polisi, anarudi pale pale alipoondokea, anaiita hiyo furaha. Mimi nilinuna. Wazee wale walifufuka. Jumamosi zote zikawa za rimu na tairi za Ayan, na yale waliyokuambia uyashike, mtoto, kwa sababu waliyasema wakikupenda. Ulitaka rimu kubwa zinazong'aa, Gurnam akakuambia hizo ni za kuegesha nje ya harusi. Treki inataka rimu nyepesi, tena ndogo kadiri breki zitakavyoruhusu, maana uzito unaozunguka ndio unaolichelewesha gari kuondoka na kusimama. Uijaribu kwanza bila tairi, uizungushe kwa mkono uone haigusi breki, na ukishaivalisha tairi ukate usukani mpaka mwisho uone haili bodi. Babu yako akasema uwe na seti mbili, moja ya mvua za Birmingham na ya kwenda kazini, nyingine ya treki peke yake, kwa sababu tairi laini inayong'ang'ania lami kavu yenye joto huteleza kama sabuni asubuhi ya baridi yenye maji. Soma zile namba nne za ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyozeeka, hata kama ina meno yote, imeshakuwa ubao. Na upepo hupanda tairi ikichemka, kwa hiyo upime ukitoka tu kuzunguka, ingali moto, upunguze, na nati uzipitie tena kabla hujarudi ndani.

Gurnam akakupatia seti ya treki iliyotumika kidogo, imeshavalishwa rimu nyepesi. Wewe ulikuwa umesafiri kikazi. Zakariye ndiye aliyeileta, Alhamisi, imefungwa kwenye mifuko myeusi, akaiacha kando ya mlango. Nikatoboa mfuko kwa kidole. Nikaona mpira mpana, laini, una vifereji viwili vitatu vya kudanganyia macho, na mabegani hakuna kitu. Kipara. Nikamwambia, Zakariye, tairi hizi zina kipara. Naye, bila kuinua macho kwenye simu, akanijibu:

“Mama, za treki ndivyo zilivyo. Waachie wanaojua.”

Waachie wanaojua. Mimi, ambaye malori yalikuwa yakipanga foleni kungoja mkono wangu. Neno lile lilinichoma, na nyuma ya kuchomwa kulikuwa na woga, kwa sababu niliwahi kuona lori lenye kipara limelala kifudifudi njia ya Marsabit, na watu chini yake, na Alhamisi ile niliyemwona chini yake alikuwa Ayan. Ijumaa, Zakariye, wewe na baba yako mlipokwenda msikitini nikapinda kisu cha jikoni kwa koleo, nikakipasha kwenye gesi, nikachonga. Nilimaliza mbili, nikasema hizi atafunga mbele. Mkono haukuwa umesahau chochote. Nitasema ukweli, sijawahi kupata furaha kama ile tangu nishuke nchi hii. Moshi wa mpira ulinibeba mzima mzima ukanitua Isiolo, nikasikia malori yakinguruma, nikamwona Ogle ana nywele nyeusi na macho yote mawili, anapita nyuma yangu anasema, punguza moto, Kendi. Nilichonga huku natabasamu ukutani kama mwehu. Kisha nikafungua madirisha, nikazirudisha tairi mifukoni, nikapika wali.

Ndiyo. Ni mimi. Zakariye, kaa chini. Nimesema kaa.

Sikujua, na kutojua si kinga. Tairi ya lori ina mpira mnene wa kuchongeka. Ile ya treki mpira wake ni mwembamba, na huo upara ndio ushikaji wake, inashika lami kwa ngozi yote. Mimi nilikata mpaka karibu na nyuzi. Ayan hukuwa umeziona kabla, ukadhani zilitoka dukani hivyo. Kwenye kona, kwa mwendo ule, ikachanika, gari likaenda ukutani, na mkono wako wa kushoto mpaka leo haunyooki. Kila ukinyanyua kikombe mbele yangu, nautazama.

Mafundi wa treki waliposema tairi zimechongwa kwa kisu, wewe Zakariye ulibeba moja mpaka Digbeth, ukamwita mzee wa watu tapeli mbele ya wateja wake na mbele ya binti yake Parminder. Ulirudi ukasema alipitisha vidole kwenye ile mifereji, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akanyamaza, na mtu asiye na hatia angejitetea. Baba yako akasema, nileteeni hizo tairi nizishike. Hapo ndipo nilipofanya la pili, baya kuliko la kwanza. Ile uliyokwenda nayo uliitupa huko huko. Ile nyingine nilimpa mtu wa vyuma chakavu anayepita na gari lake, upesi, kabla Ogle hajaigusa, kwa sababu vidole vyake vingesoma jina langu. Nikamwambia zimeshatupwa zote.

Akangoja Gurnam aje kujieleza. Gurnam hakuja. Ule mwaka wa michezo ya Jumuiya ya Madola, uwanja wote huo wa jirani unapiga makofi mpaka vioo vyetu vinatetemeka, Ogle alikuwa akikaa dirishani kila Jumamosi amevaa viatu. Ndani ya nyumba, amevaa viatu, amefunga kamba. Nikimwuliza unakwenda wapi anasema, popote. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na viatu vile vingeshuka ngazi. Sikulisema, mpaka tukamzika. Niliogopa macho yako, Ayan. Niliogopa mnitazame kama mzee wa kufichiwa visu.

Jumanne iliyopita, mlipokuwa madukani, nilimpigia Parminder, nikamwambia nipe baba yako. Nikamwambia Gurnam, ni mimi niliyechonga. Nikasikia akivuta kiti. Kisha akasema:

“Mama Zaka, nilijua ni mchongo wa Isiolo tangu siku ile. Nilidhani ni mkono wa Ogle, macho yamemdanganya. Ningesema nini mbele ya watu? Nikamfichia. Nikawa nangoja aje aniambie mwenyewe.”

Mmesikia? Mmoja anangoja Digbeth, mwingine anangoja Perry Barr, kila mmoja anaona ni zamu ya mwenzake, na mimi jikoni nakoroga chai. Nikamwuliza nikupe nini, Gurnam. Akasema hata Jumamosi moja siwezi kumrudishia, akanitakia nafuu, akakata simu. Hakunitukana. Ningepona kidogo kama angenitukana.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Sasa fanyeni hivi. Zakariye, uende Digbeth siku yenye wateja, si kwa simu, si jioni duka likiwa tupu. Ulimtukana watu wakisikia, umtake radhi watu wakisikia, useme mama yangu ndiye aliyechonga. Usilainishe, usiseme alikuwa mgonjwa, usiseme ni uzee. Ayan, lile gari ulilolifunika turubai nyuma ya nyumba, lifunue. Sikukuvunja mkono ili ukae nao mapajani. Nenda kwa Gurnam, mwache akuchagulie rimu na tairi, hata kama unajua mwenyewe siku hizi, mwache azishike, abishe, akuite mjinga. Umjibu kwa Kiswahili. Kibovu hicho hicho. Hana mtu wa kubishana naye. Akitaka kuja kunizika aje, asipotaka msimvute. Mimi mnilaze kando ya Ogle, nafasi ipo, nina maneno naye.

Inua mto, Zakariye. Hapo.

Mungu awalinde barabarani, mkienda kwa haraka na mkienda pole pole. Awape mtu wa kuwangoja dirishani, na awape akili ya kumfikia angali amevaa viatu. Nimewasamehe yale mliyonikosea, nayo ni mengi, Zakariye, usijidanganye. Ninyi... mtanisamehe mkiweza. Si lazima leo.

Mnanitazama. Mnataka kujua mimi nimelipa nini. Acha kunifuta uso, Ayan, acha... nimalize.

Siku ya mwisho ya babu yako, mlikuwa mmeshuka kumfungulia daktari. Dawa za maumivu zilikuwa zimemvuruga. Alikuwa akimtaka Gurnam. Nikamwambia yuko njiani. Njiani hakukuwa na mtu. Nikamshika mkono, na bangili yangu hii ikamgusa, akaipapasa, akadhani ni ile bangili ya chuma ambayo Gurnam haivui. Uso wake ukafunguka. Akasema:

“Gurnam, umekuja.”

Ningetoa neno moja, angeijua sauti yangu. Sikulitoa. Akaongea naye... akanong'ona, akacheka kidogo, habari za nati. Nikamwachia. Kisha akageuza kichwa, akauliza:

“Kendi yuko wapi? Mwite Kendi, nimuage.”

Miaka hamsini na mmoja nimelala kando ya mtu yule. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake. Akaniita... mara mbili. Nilikuwa pale pale, na sikuweza kuitika.