Kicheko cha Salah

Kijiwe chetu ni ubao wa nyuma wa lori lililokufa, umelazwa juu ya madebe yaliyojazwa mawe, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala karibu na soko la ngamia, Garissa. Kivuli chenyewe huanza baada ya adhuhuri na kinatosha watu watano kama hakuna mnene. Juu ya bati wamesimama korongo wenye vipara, wanatutazama kama wanaotusubiri tufe, na kwa jua la mwezi huu siwalaumu. Anayetuuzia kahawa ya tangawizi ni Faay, mama mwenye chupa tatu kubwa na ulimi mmoja mrefu. Wenyewe ni hawa: Bulle, tunamwita Tanki kwa kuwa aliendesha lori la maji mpaka macho yakamkataa, Mowlid, dalali wa ngamia, tunamwita Redio kwa kuwa habari ikikosekana anaitengeneza, na Olow, muuza dawa za mifugo, tunamwita Daktari na yeye ameamini. Mimi ni fundi cherehani kutoka Mororo, ng'ambo ya Tana, kwa hiyo naitwa Mto. Kwa ajili yangu wanaongea Kiswahili, wakitaka kunisengenya wanarudi Kisomali. Wa tano ni Salah, na leo pale mwisho wa ubao anapokaa pako wazi.

Salah amepooza. Wiki iliyopita alianguka akitawadha, upande wa kulia ukafa, ulimi nao ukagoma. Amerudishwa kutoka hospitali na sasa amelala nyumbani, anatazama ukuta. Kaka yake mkubwa, Shirwa, amefika kutoka Habaswein na hukumu yake mkononi: ni vitabu ndivyo vilivyomwangusha. Maana Salah alikuwa karani, na tangu astaafu kazi yake ilikuwa kukaa nasi hapa na kusoma hadithi. Vitabu vya mitumba, vya Kiswahili na vya Kiingereza, anavisoma kutoka adhuhuri mpaka alasiri, na akifika mahali fulani anacheka peke yake. Shirwa anasema kichwa kinachocheka bila kuchekeshwa na mtu lazima kitapasuka. Anataka vitabu vyote vitoke nyumbani leo, wauza njugu wavichane. Ramla, mke wa Salah, alimwomba sana, ndipo Shirwa akalegeza kidogo: wale wa kijiweni walikaa naye, wakiniambia mtu mzima anapata nini kwenye habari za watu ambao hawakuzaliwa, vitabaki. Wakishindwa kufikia alasiri, vinaondoka.

Basi ndiyo kazi tuliyopewa. Wanaume wazima wanne, na hakuna aliyewahi kumaliza kitabu.

Redio: Mimi nimeshapata. Ni umbeya.

Tanki: Umbeya gani, warya? Salah ni mtu ya kunyamaza.

Redio: Ndiyo hiyo! Ukisimama kwa dirisha ya jirani usikie akigombana na bibi yake, utapigwa mawe. Lakini kitabu ni dirisha haina mwenyewe. Unasimama hapo mpaka uchoke, hakuna mtu anakuuliza wewe nataka nini hapa.

Faay: Kama ni hivyo, wewe Mowlid ungekuwa na vitabu vya kujaza ghala hii.

Redio: Mimi sihitaji. Mimi napata moja kwa moja.

Nikasema hilo jibu tukimpelekea Shirwa, atavitupa vitabu na atusomee dua na sisi. Daktari akakohoa. Daktari akikohoa hivyo ujue anaingia zahanati.

Daktari: Tuache utani, hii ni mambo ya mwili. Umeona ngamia akicheua? Hali kitu kipya. Anarudisha ile ya jana, anatafuna, macho yamefunga nusu. Ana raha kuliko wakati wa kula. Sasa jicho la msomaji linakwenda, linarudi, linakwenda, linarudi. Ni kucheua. Ubongo unatafuna.

Tanki: Unatafuna nini?

Daktari: Maisha yake ya zamani.

Mimi: Lakini zile ni habari za wengine, Daktari.

Daktari: Ubongo haujui ya nani. Mbuzi akila nguo yako anajua ni yako?

Tanki hakupenda hilo. Yeye kila kitu duniani kina nati na boliti, hata ndoa yake aliieleza hivyo siku moja na hatukulala.

Tanki: Sikilizeni mimi. Ukifungua nati unazungusha huku. Ukikaza unazungusha huku. Salah asubuhi alisoma Kurani, jicho linatoka kulia. Sawa, inakaza. Mchana anasoma hii fitabu, jicho linatoka kushoto. Inafungua. Miaka mingi, fungua, kaza, fungua, kaza. Mwisho uzi ya nati ikaisha.

Redio: Astaghfirullah, Tanki!

Tanki: Nasema kama fundi tu.

Redio: Basi unasema kama Shirwa! Sisi tunatetea au tunashtaki?

Tanki akaona kweli amemtia rafiki yake ndani badala ya kumtoa. Faay akamjazia kikombe bila kuombwa. Wakati huo nilijaribu bahati yangu, nikasema tumwambie Shirwa ukweli mwepesi: kusoma kunasogeza siku. Mtu amestaafu, jua kali, siku ndefu, anahitaji kitu cha kuisukuma.

Daktari: Shirwa atasema tasbihi inasukuma siku, na ina thawabu.

Hapo nikarudi kwenye kahawa yangu. Redio naye alikuwa ameshapanda mlima mwingine.

Redio: Wallahi sasa nimejua. Salah alikuwa na nyumba ya pili.

Faay: Weka kikombe yangu chini kabla sijakumwagia.

Redio: Ngoja, Faay. Kwa nini hakuoa mke wa pili? Mshahara alikuwa nayo. Sisi tulimtafutia binti mpaka Ijara, akakataa. Sababu ni huko ndani! Kitabu kikiisha, anahama, anafungua kingine. Watu wapya, nyumba mpya, hakuna mahari, hakuna mashemeji. Mtu anaoa bila kuoa!

Faay: Na wewe umeoa watatu na bado unakunywa kahawa kwangu. Huko kwako hakuna moto?

Tukacheka. Kwa kweli tulicheka, halafu kicheko kikakatika kwa ghafla, kwa sababu sote tuliangalia pale mwisho wa ubao. Kukiwa na kichekesho cha namna hii Salah hakuwa anacheka. Angeinua uso kwa adabu, angetabasamu kidogo kutufurahisha, kisha angerudi ukurasani, na baada ya muda, sisi tukiwa tumenyamaza, yeye angepasuka kucheka hadi kofia imwanguke. Ilikuwa inaniudhi, nasema wazi. Mtu unampa mzaha mzuri wa bure, anaukataa, anakwenda kuchekea karatasi.

Tanki akarudi kuongea, safari hii sauti yake ilikuwa chini.

Tanki: Mimi niliendesha hii barabara. Garissa, Habaswein, Wajir, Mandera, Lafey. Kila mahali kuna kizuizi. Shuka. Kitambulisho. Wewe ni nani, baba yako nani, unakwenda kwa nani. Hata bolisi aliyekuuliza jana, leo anakuuliza tena. Mpaka unaanza kufikiri, kweli mimi ni nani? Sasa Salah anafungua kitabu, anakwenda Nairobi, anakwenda Ulaya, anaingia nyumba ya watu, analala, anatoka. Hakuna mtu anamwambia shuka.

Daktari: Hiyo ni nzuri, Tanki. Hiyo tunaweza kupeleka.

Tanki: Ngoja, haijaisha. Mtu kila siku akitoka hapa... kwani alikuwa anatoroka nani?

Tulikuwa wanne pale, na yeye wa tano.

Hapo Daktari akataja jambo ambalo kijiweni hatulitaji. Salah ana mtoto mmoja wa kiume, Guleid. Kijana alimaliza chuo, kazi hakupata, akaondoka kwenda Ulaya kwa njia ya Sudan na Libya kama wanavyoondoka wengine. Alipiga simu akiwa Sudan. Tangu hapo simu haijalia. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna hata mtu wa kusema nilimwona. Hata matanga hayajakaliwa, utamkalia vipi mtu usiyejua kama amekufa?

Daktari: Fikirini. Watu wa kwenye kitabu wanakufa?

Redio: Wengine wanakufa. Nimesikia.

Daktari: Wanakufa, lakini ukirudisha ukurasa wanafufuka. Wako pale pale, wanakula, wanatembea, wanaongea. Unaweza kurudi hata mara mia. Na kama mtu amepotea, ukienda mbele ukurasa kidogo, unaambiwa yuko wapi. Mwandishi anajua. Hicho ndicho alichokuwa anakipata Salah. Alikuwa anakaa mahali ambapo kuna mtu anajua.

Tanki: La ilaha illallah.

Redio akaweka chini kikombe ambacho hajakimaliza, na hilo sijawahi kuliona tangu nimfahamu. Nilidhani tumemaliza. Nilidhani tutaamka twende kwa Shirwa tukamwambie hivyo hivyo, na hata yeye, jeuri kama alivyo, angenyamaza. Ndipo tukamwona Ramla akija upande wa barabara, buibui limejaa vumbi chini, analiburuta gunia. Tanki na Daktari waliruka kwenda kumpokea. Lilikuwa limejaa vitabu. Shirwa ameshavitoa nje, alisema, na yeye ameona kuliko aviache mlangoni avilete kwetu, tumjibu yeye kwanza kabla hatujamjibu shemeji yake.

Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuja kijiweni. Faay alimfutia nafasi, akakaa pale mwisho wa ubao, pa mumewe, bila kujua ni pake. Aliongea Kisomali, nami nakisikia vizuri kuliko wanavyodhani hawa.

Ramla: Ndugu zangu, nisameheni. Mimi sijui kusoma. Nimemfungulia Salah kimoja kimoja, nimemwekea mbele ya uso. Anatazama tu. Hali chakula. Maji nampa kwa kijiko.

Daktari: Mama Guleid, tumeshapata jibu la kumpa Shirwa. Usihofu. Mumeo alikuwa anasoma kwa sababu...

Ramla: Sikuja kuuliza hilo.

Daktari akakaa chini.

Ramla: Tangu Guleid aende, nyumbani kwetu hakuna kilichochekwa. Mimi sicheki, naye hacheki. Lakini jioni akirudi kutoka hapa alikuwa anakaa kitandani, anavua viatu, halafu anakumbuka kitu na anacheka peke yake. Mimi niko jikoni namsikia. Sikumuuliza. Niliogopa nikimuuliza ataona haya na ataacha. Nilisema, wacha acheke, mimi nitasikia kutoka huku. Sasa nataka kile kitu nikamwambie. Huenda akikisikia atafungua mdomo nimpe uji. Ninyi mlikaa naye. Alikuwa anacheka nini?

Tulitazamana. Unaona, hawa watu, ukifika kutoka popote, hata kutoka chooni, lazima utoe habari kabla hujapewa kikombe. Mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, nani amezaa, ngamia wa nani amepotea. Mchunga mbuzi akitokea Lafey anahojiwa mpaka kahawa yake inapoa. Wamenifundisha na mimi. Lakini Salah alikuwa haondoki ubaoni, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kwamba ana habari.

Tanki: Mimi... ilikuwa kitabu ya rangi ya kijani.

Redio: Nyekundu.

Tanki: Ile nyekundu ni ya zamani.

Ramla alikuwa anamtazama kila mmoja usoni, kwa zamu, akingoja. Redio, ambaye hajawahi kukosa habari, alifungua mdomo, akaona macho ya yule mama, akaufunga. Namheshimu kwa hilo.

Daktari akaingiza mkono kwenye gunia, akatoa kitabu cha kijani, akakifungua katikati. Akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kisha Tanki akamgeuzia Ramla kwa Kisomali. Daktari anasoma kama anayesoma maelezo ya dawa ya minyoo. Ilikuwa habari ya mzee aliyenunua kitanda kikubwa kuliko mlango wake, na majirani wamekuja, huyu anasema kikatwe kitanda, huyu anasema ubomolewe ukuta.

Ramla: Hapo?

Daktari: Sijui, mama Guleid.

Redio akajaribu kucheka. Alicheka ha-ha, vizuri tu, kumsaidia. Ramla akatikisa kichwa.

Ramla: Hicho si kicheko chake. Chake nakijua. Endelea, ndugu yangu. Pole pole.

Daktari akaendelea. Majirani waliondoka, mzee akalala kwenye kitanda nje, uani. Akachukua kingine. Ndani yake palikuwa na harusi. Akachukua kingine, cha Kiingereza, na hapo Tanki alikuwa anatafsiri kwa kubahatisha na jasho linamtoka. Ramla alikuwa ameinamisha kichwa, sikio mbele, ameshikilia ukingo wa ubao kwa mikono miwili. Kila Daktari aliponyamaza kupumua, aliuliza: Hapo? Faay alikuwa amegeukia ukutani, nadhani analia.

Adhana ya alasiri ikalia. Tulimwambia Ramla angoje, wenzangu wakaswali, tutarudi. Mimi si Mwislamu, nilikaa nje ya msikiti nikiwalindia viatu, na wote watatu walitoka haraka bila kusalimiana na mtu.

Tulikuta Faay anakung'uta masalia ya tangawizi mchangani. Gunia halikuwepo. Shirwa alikuja na mkokoteni, alisema, akauliza kama tumempa jibu, na Ramla alisema hapana, hatujui. Akavipakia. Ramla alimfuata nyuma mpaka kwenye kona, kisha akakata njia ya nyumbani kwa sababu mgonjwa alikuwa peke yake.

Kimebaki kimoja, kile ambacho Daktari alikwenda nacho msikitini chini ya kwapa bila kukumbuka, ukurasa ukiwa bado umekunjwa. Alikaa, akakifungua pale alipokiachia, akasoma. Sisi tulisogea karibu kabisa, magoti yanagusana, tukasikiliza kila neno mpaka jua likaanza kuteremka na akashindwa kuona maandishi.

Hakuna aliyecheka.