Mnara na Breki za Baiskeli

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya duka la kinyozi, pale barabara inapoanza kuteremka. Pembeni, chini ya turubai, anatengeneza baiskeli jamaa tunayemwita Mnara. Miaka kumi na minne alikaa kwenye mnara wa uwanja wa ndege akiwaongoza marubani. Mwezi uliopita akaandika barua, akavua tai, akashika spana. Asubuhi ile alikuwa ameinamia baiskeli ndogo ya kike, nasi na vikombe vyetu vya kahawa tunamjadili kana kwamba hayupo.

— Kafukuzwa huyo, akaanza Redio, kinyozi wetu. Mtu haachi kiti cha kuzunguka aje kukalia ndoo.

— Wapi! Ni kichwa, akasema Mwalimu, mstaafu wetu. Ukisikiliza marubani mchana kutwa, ubongo unashika kutu.

— Kutu! Hivi wewe ulifundisha sayansi kweli?

— Historia.

— Basi nyamaza. Mimi nasikia aliona kitu angani. Kitu kisicho ndege. Wakamwambia achague, anyamaze au aondoke.

— Nani kakwambia?

— Nimemnyoa mlinzi wa uwanja wa ndege.

Tukacheka. Mnara hakucheka.

— Niliona ndege mbili, akasema bila kuinua kichwa. Nilizipa njia moja. Mwenzangu akawahi kuzitenganisha. Abiria walishuka, wakachukua mizigo yao, wakaenda zao. Hawakujua chochote. Mimi ndio nikawa siwezi tena kubonyeza kitufe cha kuongea. Mke wangu kila siku ananiuliza tutaishije. Namwambia, angalau huku sina roho ya mtu mkononi.

— Na usingizi? nikamuuliza.

— Unakuja kidogo.

Hapo akafika mama mmoja, mgeni kwetu, kaja kuchukua baiskeli.

— Breki tayari, fundi?

— Tayari, mama.

— Binti yangu anateremka na hii kwenda shule. Nimwache aende?

Redio, mwenye jibu la kila kitu, akatazama ndani ya kikombe. Mwalimu akakohoa. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Mnara akafungua breki upya, akakaza, akafungua tena, akakaza. Kisha akaipanda mwenyewe, magoti yakigonga usukani, akashuka nayo mteremko. Sote tukasimama. Huko chini lori likapiga honi ndefu. Mama akashika mkono wa Mwalimu, mtu asiyemjua.

Tulisubiri. Mwishowe tukamwona anapanda mteremko kwa miguu, anaisukuma baiskeli, shati limelowa.

— Zinashika, mama. Lakini kwamba hataanguka, siwezi kukuahidi.

Mama akapokea usukani.

— Basi leo nitamsindikiza, akasema, akaondoka.

Mnara akaja kukaa nasi kwenye benchi, kwa mara ya kwanza. Redio akampa kikombe chake. Mnara akakipokea, akanywa, macho yake kwenye mteremko.